Yai Kabla ya Sindano

Wewe uliyeambiwa juzi kwamba una ugonjwa wa sukari, na sasa umekaa kwenye benchi la hospitali umekifunika kichupa chako cha mkojo kwa khanga ili watu wasikione, hebu nisogelee. Kila aliyekaa kwenye benchi hilo ana kichupa chake. Mimi nilikificha changu tangu masika mpaka kiangazi, kikaja kunimwagikia mbele ya watu, na hakuna aliyeinua hata kope.

Sijui udaktari. Nilichosoma ni shule ya jioni tu, tulipobanana watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Nilimaliza, nikapewa cheti, na tangu siku hiyo mume wangu anasema naongea kama redio ya dukani ambayo mwenyewe ameisahau akaenda kulala. Basi nitaongea. Nataka nikueleze habari ya homa ya mafua, na chanjo yake, na yai. Yai ndilo lililonitoa jasho kuliko vyote.

Sukari ilinianza kwa kiu. Nilikunywa maji mpaka nikadhani ziwa litarudi nyuma na meli zikwame kwenye tope pale gatini. Nilikonda hivi kwamba upepo ukivuma kutoka ziwani nilikuwa nashika nguzo ya nyumba. Sisimizi walipanga foleni kwenda chooni kwetu Mabatini kana kwamba kuna harusi. Wakati huo nilikuwa nimeolewa na Filipo, mpakia marobota ya pamba bandarini, na mimba mbili zilikuwa zimetoka bila mtu kujua sababu. Hatukuwa na mtoto. Mama yangu, ambaye kwa Kisukuma chetu namwita mayu, alinizaa mimi peke yangu. Aliposikia naumwa alifunga mlango wake Buswelu, akaja na kikapu cha michembe, akakaa nasi.

Michembe ilikuwa mkosi wa kwanza, maana viazi vitamu vikikaushwa ni sukari tupu. Nesi alinikataza. Mayu alimwangalia nesi yule kana kwamba amemtukania ukoo. Lakini baada ya hapo alijifunza kila kitu. Ndiye aliyekuwa akichemsha bomba langu la kioo na sindano yake kila alfajiri, kwenye sufuria ambayo hakuna aliyeruhusiwa kupikia hata chai. Ndiye aliyeiweka chupa ya insulini ndani ya mtungi mdogo wa maji pembeni mwa chumba, ipate ubaridi, na mgeni akitaka kuchota maji humo alipigwa kofi mkononi. Hata sasa sijui ningeishije bila mikono yake.

Hospitalini tulikuwa tunakwenda siku moja na watu wote wa sukari. Nesi Anastazia, Mhaya wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya upole na macho yasiyo na upole wowote, alikuwa akichemsha mkojo wetu pamoja na dawa ya buluu kwenye kichupa chembamba juu ya taa ya spiriti. Ukibaki buluu, mzima. Ukiwa kijani, jihadhari. Ukiwa mwekundu kama tofali, umekwisha. Tulikaa tukikodoa macho kwenye ule moto kama watu wanaosubiri hukumu. Jirani yangu upande wa kulia alikuwa Bi Mwajuma, mama wa mjini, Mwislamu, mcheshi, mnene wa heshima. Kushoto alikaa Mzee Bakari, fundi baiskeli, ambaye mkojo wake ukitoka kijani alikuwa akisema, "Leo nimevaa kanzu ya sikukuu."

Halafu kikaja kiangazi kile cha mafua.

Sitaki ufikiri nasema mafua ya kupenga kamasi ukaendelea kukaanga samaki. Haya yalishuka melini na abiria, yakapanda mlima pamoja nao, na kabla wiki haijaisha Mabatini yote ilikuwa inakohoa kwa sauti moja. Ukuta kwa ukuta tuliitikiana. Mimi yalinishika asubuhi nikiwa nafua. Jioni sikuweza kuinua kichwa. Mifupa iliuma kana kwamba Filipo amenipakia melini badala ya pamba. Chakula hakikupita. Na kwa kuwa sikula, sote nyumbani tulikubaliana kwamba sindano isubiri, maana dawa ya chakula bila chakula ni ya nini?

Ndugu yangu, shika neno hili hata ukisahau mengine yote: homa ikikupata, sukari inapanda hata kama hujala kitu, kwa hiyo usiiache sindano kwa akili yako mwenyewe. Mpeleke mtu hospitali akaulize. Sisi hatukujua. Nilianza kuhema kama mbwa aliyekimbizwa. Nilitapika. Mayu aliniambia baadaye kwamba pumzi yangu ilinukia kama matunda yaliyovunda, na kwamba nilimwita kwa jina la shangazi aliyekufa zamani. Filipo alinibeba mgongoni hadi hospitali. Mimi sikumbuki. Nakumbuka nilizinduka wodini, mpira umechomekwa mkononi, na mtu wa kwanza niliyemuulizia alikuwa jirani yangu wa benchi.

"Mzee Bakari yuko wapi?"

Nesi Anastazia alirekebisha shuka langu. Halikuwa limekaa vibaya.

"Pumzika, Minza," alisema.

Basi nikajua.

Nilirudi nyumbani na miguu kama nyuzi. Nywele zilidondoka mpaka nikawa najifunga kitambaa hata ndani. Magoti yalilia kila nikiinama. Hayo yalipona mvua zilipoanza. Kilichokataa kupona ni hofu. Mtu akipiga chafya dukani nilitoka bila kununua. Kanisani nilikaa karibu na mlango, na padri akikohoa nilikuwa wa kwanza kuona jua. Filipo akirudi kutoka gatini namuuliza kwanza, kabla ya pole ya kazi, "Kuna mgonjwa melini?" Nilikuwa naona mafua yamekaa mahali fulani ng'ambo ya ziwa, yananivizia, yanajua jina langu na nyumba yangu.

Ikapita masika. Mwaka huo kila mtu mjini alikuwa akizungumza habari za Uhuru unaokuja. Watu waliimba barabarani, vijana walipaka rangi milango. Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine. Nilikuwa natazama majani yanavyokauka, nikijua kiangazi kinarudi.

Siku moja, benchi likiwa limejaa, Nesi Anastazia alitoka na kijisanduku kilichozungukwa na barafu na pumba za mbao. Akatuambia kwamba daktari ameomba dawa hii mbali sana, ikaja kwa ndege, nayo ni chache. Ni chanjo ya mafua. Anataka watu wa sukari wapate kwanza, kwa kuwa mafua yakitupata sisi hayatupigi kofi, yanatupiga shoka.

"Inazuia kabisa?" aliuliza mzee mmoja.

"Si ukuta wa mawe," alisema. "Wengine watapata mafua hivyo hivyo. Lakini mara nyingi yanakuja yamepungua nguvu."

Mimi nilikuwa nimeshakunja mkono wa gauni. Ningeweza kuchomwa kila mahali, hata kisigino.

"Kabla sijaanza," alisema, akashika penseli, "lazima nimuulize kila mmoja. Kuna ambaye akila mayai yanamdhuru? Anavimba midomo, anawashwa mwili, anabanwa pumzi?"

Watu walitazamana.

"Mayai yameingilia wapi, nesi?" aliuliza Bi Mwajuma.

"Chanjo hii inaoteshwa ndani ya mayai ya kuku. Ambaye mayai yanamdhuru, nayo inaweza kumdhuru."

"Lahaula! Kumbe tunachomwa kifaranga!"

Benchi zima lilicheka. Wanaume walijibu harakaharaka. Mmoja alisema, "Mimi hayanidhuru, nesi. Mimi ndiye ninayeyadhuru." Bi Mwajuma alisema kwamba amekula mayai tangu ana meno na atayala hata yakitoka. Kisha penseli ikamfikia mwanamke aliyetoka Kiseke, kimya sana, aliyekuwa akija na mtoto mgongoni.

"Mayai yanakudhuru, mama?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sijawahi kula."

Penseli ikaja kwangu. Nilitaka kusema uongo, ulimi ukakataa.

"Na mimi sijawahi."

Yule aliyekaa baada yangu, Mjita, akatikisa kichwa. Aliyefuata naye akatikisa. Wanawake karibu wote wa benchi lile, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, hawakujua kama yai linawadhuru, maana hawajawahi kulitia mdomoni.

Kwetu mwanamke hali yai. Sikumbuki mtu kunikalisha akanifundisha. Nililijua kama nilivyojua kutokaa na miguu wazi. Yai ni mtoto ambaye hajaanguliwa. Mwanamke akilila amemla mwanawe, na tumbo lake litafungwa. Wanaume walikula, tena mbele yetu, tukiwamenyea.

Nesi Anastazia aliteremsha penseli. "Nami nililelewa hivyo hivyo," alisema taratibu. "Mpaka nilipokwenda kusomea unesi. Nitamuuliza daktari."

Lakini mwanamke wa Kiseke alikuwa ameshasimama. Alikaza mbeleko ya mtoto wake, akainama kumuaga nesi kwa adabu, akaondoka. Wa pili akamfuata. Nami nilishusha mkono wa gauni, nikaenda nyumbani na cheti changu cha shule ya jioni.

Nyumbani nilikuwa na shida ya ziada. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana hivi kwamba hawasemeshani ovyo, na wale wawili walikuwa wakiishi nyumba moja. Kwa hiyo walizungumza kupitia kwangu, hata kama tumekaa watatu mkekani. Mimi nilikuwa waya wa simu.

"Yai?" alisema mayu.

"Si kula, mayu. Ni sindano."

"Inaingia wapi?"

"Mkononi."

"Halafu inakaa papo hapo mkononi?"

Nilianza kukusanya vyombo.

"Ile ya asubuhi unachoma pajani," alisema, "mbona inakutibu mwili mzima? Hii nayo itazunguka. Itafika tumboni."

Hebu niambie, hapo ungejibu nini? Hajui kusoma hata herufi moja, na hoja ilikuwa imenyooka kama rula.

"Mwambie mama," alisema Filipo akitazama mlango, "kwamba mafua yale karibu yakuchukue."

"Mwambie mumeo kwamba nilikuwepo."

"Mwambie mama kwamba nimebeba pamba tangu ujana, lakini sijabeba mzigo mzito kama siku ile nilipokubeba wewe. Nilikuwa nasikiliza pumzi yako sikioni. Ikikatika kidogo, nasimama."

Hilo sikulipitisha. Mayu alikuwa amesikia, akainamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie mumeo yeye ana ndugu, na ndugu zake wana watoto. Mimi nina huyu tu. Na huyu hana mtu."

Kila mmoja alikuwa ananiogopea. Mmoja aliogopa nife, mwingine aliogopa niishi bila mtoto. Nami niliogopa vyote viwili. Usidhani kusoma kulinisaidia. Kichwani nilijua yai ni yai. Tumboni, pale hofu inapokaa, nilikuwa msichana wa Buswelu anayewamenyea wajomba mayai na kunawa mikono mara moja.

Jibu la daktari lilikuja kupitia kwa Bi Mwajuma, aliyepita nyumbani akijidai kutafuta dagaa. Alikuwa ameshachanjwa, mkono ulikuwa umemuuma kana kwamba amemenyana na ng'ombe, halafu ukapoa. Daktari alikuwa amesema hivi: ambaye hajawahi kula yai, aje hospitali alionje palepale barazani, kidogo kidogo, nesi akimtazama. Asipodhurika, achanjwe. Ila afanye haraka, barafu inayeyuka na dawa haitakaa.

"Yai nitalichemsha mimi," alininong'oneza. "Jikoni kwako tusithubutu, mama yako atatupika sisi."

Nilisema nitafikiri. Nilifikiri kutwa nzima, nikaunguza ugali. Kesho yake mchana Filipo alirudi kutoka gatini mapema, na kabla sijauliza swali langu akasema, "Ndiyo. Wapo. Mabaharia wawili wameshushwa kwa machela, wanakohoa."

Nilisikia tena ile harufu ya wodi.

Asubuhi iliyofuata nilichoma insulini yangu kama kawaida. Mayu akaniwekea uji. Niliupeleka mdomoni, ukarudi. Hofu ya yai ilikuwa imeziba njia. Nikaumwaga nje mayu alipogeuka, nikaaga naenda hospitali, jambo ambalo lilikuwa kweli, nikaenda.

Bi Mwajuma alikuwa ananisubiri na yai ndani ya kitambaa, bado la moto. Nesi Anastazia aliweka kiti barazani, penye mwanga, aone midomo yangu. Alilimenya, akakata kipande kidogo kama ukucha wa mtoto, cheupe na cha njano pamoja.

"Weka ulimini, tafuna, kisha tusubiri."

Nilifumba macho. Nilitafuna. Nilimeza. Nikangoja dunia ipasuke.

Haikupasuka mara moja. Lakini baada ya muda jasho lilianza kunitoka, la baridi, kutoka kwenye kichwa hadi mgongoni. Mikono ikatetemeka. Midomo ikafa ganzi. Moyo uligonga hivi kwamba niliona kitambaa cha gauni kikirukaruka. Nikamtazama Bi Mwajuma nikaona Bi Mwajuma wawili, na mmoja tu alikuwa anatosha kujaza baraza ile.

"Linaniua," nilisema. "Yai linaniua. Mwambieni mayu—"

"Minza!" Nesi alikuwa amenishika kidevu, ananichungulia midomo, ananisikiliza kifua. "Hujavimba. Pumzi inapita. Umekula nini leo?"

"Sindano."

"Nauliza chakula."

"Sindano tu."

Sijawahi kumsikia Mhaya yule akipaza sauti isipokuwa siku hiyo. "Lete chai! Tia sukari, tia tena!" Bi Mwajuma alikimbia na mwili wake wote. Walininywesha, chai ikanimwagikia kifuani, na polepole Bi Mwajuma wakarudi kuwa mmoja. Sukari ilikuwa imeshuka, ndugu yangu. Nilichoma dawa nikaacha uji, na kidogo hofu ya yai iniue kabla ya yai lenyewe.

Nililetewa na kipande cha mkate. Nikala. Nikakaa nimeegemea ukuta, nguo zimelowa. Chini kule ziwa lilikuwa limetulia, na nilisikia honi ya meli ikiingia.

Yai bado lilikuwepo kwenye sahani, limepungua ukucha mmoja.

"Unaweza kurudi nyumbani," alisema Nesi Anastazia. "Hakuna atakayekucheka. Umeona mengi leo."

Alisema kweli. Ningeweza kwenda kumwambia mayu kwamba nililijaribu na mwili umelikataa. Filipo angenielewa. Ningekuwa na sababu nzuri kupita zote. Honi ililia tena. Nikafikiria mabaharia wale kwenye machela, na Mzee Bakari, na jinsi nesi alivyorekebisha shuka ambalo halikuwa limekaa vibaya.

Nikachukua sahani.

Nesi akanipa kipande kikubwa zaidi, akatazama midomo yangu, tukangoja. Kisha kingine. Nilikuwa nalia, machozi yanachanganyika na yai. Nilihisi kila tonge linashuka kwenda mahali ambapo mtoto wangu angekaa, na nikamwomba radhi, huyo ambaye hayupo.

"Tafuna bibie, si jiwe hilo," alisema Bi Mwajuma, lakini sauti yake nayo ilikuwa imelowa.

Hakuna kilichovimba. Hakuna kilichowasha. Nilikunja mkono wa gauni, nikachomwa. Sindano yenyewe sikuisikia hata kidogo.

Nilimwambia mayu mchana uleule. Nilijua akisikia kwa mwingine itakuwa vibaya zaidi. Alikuwa anachambua mtama. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alimaliza kuchambua, akaufunika. Akawasha moto, akachemsha bomba na sindano yangu, akavifunga kwenye kitambaa safi.

"Ya kesho ni hii," alisema. "Kesho kutwa uchemshe mwenyewe."

Akachukua kikapu chake, akaenda zake Buswelu kwa miguu.

Mafua yalifika kama nilivyojua. Mabatini ikaanza tena kuitikiana kwa kikohozi, na safari hii katikati ya ngoma za Uhuru, mtu anaimba, anakohoa, anaimba. Filipo alilala siku kadhaa. Mimi kila asubuhi nilijipapasa paji la uso kabla sijafumbua macho. Yalinipata na mimi. Nilipata homa, pua ikatiririka kama mfereji, kichwa kikauma. Nilitetemeka zaidi kwa hofu kuliko kwa homa. Nilichoma sindano, nikanywa uji kwa lazima, Filipo mwenye kukohoa akapeleka mkojo wangu hospitali. Ukatoka njano, hatua moja kupita kijani. Sio tofali. Baada ya siku chache nilikuwa nimesimama, na sikuamini miguu yangu.

Siwezi kukuapia kwamba ni chanjo. Nesi mwenyewe hakuapa. Nakwambia tu nilivyokuwa mara ya kwanza, na nilivyokuwa mara ya pili. Mwanamke wa Kiseke sikumwona tena kwenye benchi. Sikuuliza. Niliogopa kumwona nesi akitafuta shuka la kurekebisha. Na mtoto sijapata mpaka leo ninapoandika. Lakini kabla ya yai pia sikupata, kwa hiyo silisingizii yai.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka Buswelu: mayu yuko kitandani, hali chakula, anakohoa damu kidogo.

"Utaingia ndani ya nyumba yenye mafua?" aliuliza Filipo. Hakuwa ananizuia. Alikuwa ameshaitoa baiskeli nje.

Njia nzima nilimshika kiuno. Nilikuwa na insulini kwenye kopo la maji na kitambaa cha kujifunga mdomo, kama nesi alivyoniagiza. Mayu alikuwa mdogo chini ya blanketi, mdogo kama mtoto wa shule. Nilimsafisha, nikamnywesha, nikamgeuza. Filipo alimleta dresa, msaidizi wa daktari kutoka mjini, aliyemchoma sindano za dawa ya kifua asubuhi na jioni. Nilikaa pale nikisikiliza pumzi yake ikipanda na kushuka, na ikikatika kidogo nilikuwa nasimama. Hapo ndipo nilipomwelewa mume wangu. Ile hofu ya kujiogopea mimi mwenyewe ilikuwa ndogo, kumbe. Hii ya mwingine haina mahali pa kuiweka.

Homa ilimwachia mchana mmoja wa jua kali. Alifumbua macho, akanitazama na kitambaa changu mdomoni.

"Hujafa," alisema.

"Bado, mayu."

"Unachemsha bomba vizuri?"

"Nachemsha."

Akageukia ukutani. Nilidhani amelala. Kisha akasema, mdomo karibu uguse udongo wa ukuta, "Lilikuwaje?"

"Nini?"

"Lile yai."

Mimi unanijua sasa. Ningeweza kumwambia lilikuwa na ladha ya asali na moshi wa mbinguni, au lilinichoma kama kaa la moto. Lakini alikuwa ameuliza kweli, mama mzee aliyefuga kuku maisha yake yote.

"Kavu," nilisema. "Linashika kooni. Halina ladha kubwa. Bi Mwajuma alisahau chumvi."

Blanketi likaanza kutikisika. Niliruka nikidhani homa imerudi, nikamfunua uso. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na nguvu, kikamkohoza, nikamshika mgongo mpaka kikatulia. Akanivuta mkono, akapapasa juu karibu na bega, akapabonyeza kwa kidole gumba.

"Panauma?"

"Hapana."

"Na tumbo?"

"Sijui, mayu."

"Hata mimi sikuwahi kujua langu lilifungwa na nini," alisema. "Leta huo uji."